Umande kwenye darubini: kinga, mkanda wa joto, feni au draya? Ulinganisho kwa watazamaji wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Wanafunzi walikuwa wamejipanga foleni uwanjani, Njoro, saa tatu na nusu usiku. Sayari ya Zohali ilikuwa juu, pete zake zimekaa sawasawa, na kila aliyeinama kwenye lenzi aliinuka ameziba mdomo kwa mkono. Walipopita kama ishirini hivi, msichana mmoja wa kidato cha pili alitazama, akarudi nyuma hatua moja, akasema kwa upole, "Mwalimu, nisamehe, mimi naona tu kama taa ya pikipiki kwenye ukungu." Nikamulika kioo cha mbele kwa tochi. Kilikuwa cheupe pe, kama dirisha la matatu alfajiri ya Julai. Waliobaki kwenye foleni walirudi bwenini hawajaona kitu, na wengine wao walikuwa wamesimama kwenye baridi zaidi ya saa nzima.

Sikuipenda hali ile, na bado siipendi nikiikumbuka. Tangu hapo nimetumia njia zote nne nitakazozieleza hapa, nyingine kwa miaka, nyingine kwa misimu michache tu. Watu wanaoanza huniuliza wanunue kipi, nami siwezi kujibu kabla sijajua wana darubini gani, wanatazamia wapi, na umeme wao unatoka wapi.

Kioo kinalowaje na mvua haijanyesha?

Tunasema umande umeanguka, lakini umande hauanguki. Mvuke umo hewani muda wote. Kitu kikipoa chini ya kiwango fulani cha joto, hewa inayokigusa hushindwa kuubeba mvuke wake, na maji hutokea juu ya kitu hicho. Tukiite kiwango cha umande.

Aliyelala kijijini chini ya mabati anajua jambo hili hata kama hajalisoma. Alfajiri unasikia matone yakidondoka kwenye ukingo wa paa, unatoka nje ukidhani imenyesha, unakuta anga safi na ardhi ya katikati ya uwanja haina dalili ya mvua. Mabati yametazama anga wazi usiku kucha na kuitupia joto lake, mpaka yakapoa kuliko hewa iliyoyazunguka. Kioo cha darubini hufanya hivyohivyo. Kimeelekezwa juu, hakina kinachokifunika, na kinatoa joto lake kwenda kwenye anga lenye baridi kali kuliko kitu chochote kilicho karibu nacho.

Tazama hesabu. Nakuru, usiku wa nyuzi 14 na unyevu wa hewa asilimia 60, kama tunavyopata Januari na Februari, kiwango cha umande kiko kwenye nyuzi 6 na kidogo. Kioo lazima kipoe zaidi ya nyuzi 7 chini ya hewa ndipo kilowe, na mara nyingi hakifiki huko. Usiku wa nyuzi zilezile 14 lakini unyevu wa asilimia 85, baada ya mvua ya jioni, kiwango kinapanda hadi nyuzi 11.5. Sasa nyuzi mbili na nusu tu zinatosha. Kisumu, ambako usiku wa nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 90 si ajabu, kiwango cha umande ni zaidi ya nyuzi 18. Hapo kioo kikipoa nyuzi 2 tu, kazi imekwisha.

Jambo linaloumiza ni kwamba usiku mzuri wa nyota ndio usiku wa umande. Mawingu yangefunika, kioo kisingepoa. Upepo ungevuma, hewa ingechanganyika na kioo kingebaki na joto la hewa. Lakini mvua ya saa kumi ikishaosha vumbi, mawingu yakaisha, upepo ukatulia na Njia Nyeupe, ule mstari mweupe wa nyota nyingi, ikatokea kutoka upande mmoja wa upeo hadi mwingine, hapo ndipo maji yanapoanza kujikusanya. Kwa hiyo ushauri wa "ngoja usiku usio na umande" ni ushauri wa kukosa anga bora.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale matano. Je, inazuia umande usitokee, au inauondoa ukishatokea? Inataka umeme kiasi gani, na umeme huo unapatikana mbali na nyumba? Ni rahisi kiasi gani kuipata au kuitengeneza hapa kwetu? Inaathiri vipi picha unayoiona? Na ina hatari gani kwa kioo na kwa watu?

Kabla ya hayo, ijue darubini yako, maana umande hauzishiki zote kwa namna moja. Darubini za Schmidt-Cassegrain, zile fupi nene zenye vioo vya kuakisi ndani na kioo kingine kinachoziba mbele, ndizo zinazoteseka zaidi: kioo chake cha mbele ni chembamba na kiko ukingoni kabisa mwa bomba, kama uso usio na kofia. Za Maksutov, zinazofanana nazo, zina kioo kinene ambacho hukawia kupoa, lakini kikilowa hukawia pia kukauka. Darubini za lenzi nyingi huja na kinga fupi kutoka kiwandani. Za Newton, zikiwemo zile za Dobson zinazokaa chini kama mzinga wa vita, zina kioo kikubwa cha kuakisi ndani kabisa ya bomba, na bomba lenyewe linakilinda. Kinacholowa huko kwanza ni darubini ndogo ya kulengea iliyofungwa juu ya ile kubwa, lenzi ya jicho (ile unayoiinamia), na wakati mwingine kile kioo kidogo cha juu. Kama Dobson yako haina bomba bali fito tupu, izungushie kitambaa cheusi kabla hujasoma mbele.

Kinga ya umande

Kinga ni bomba jeusi unalolivisha mbele ya darubini ili kioo kisione anga lote. Kinabaki kuona kile kipande tu unachokitazama, na pande nyingine zote kinaona kuta za kinga, ambazo zina joto la kukaribia la hewa. Joto linalopotea hupungua, basi kioo hukawia kupoa.

Inazuia, lakini zaidi inachelewesha. Katika usiku wa unyevu wa wastani Nakuru, kinga peke yake imenifikisha saa sita usiku bila tone. Katika usiku wa unyevu mkali kando ya ziwa Kisumu, imenipa saa moja na nusu, labda mbili, kisha kioo kikaanza kufifia kuanzia katikati. Umeme haitaki hata kidogo, na hiyo ndiyo heshima yake kubwa: haina waya wa kukatika wala betri ya kuisha.

Kuipata ni rahisi kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii. Nunua mkeka wa mazoezi, ule wa povu laini wa kukunja, au utafute wa mtumba soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili. Kata kipande ambacho urefu wake kutoka kwenye kioo kwenda mbele ni mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa kioo. Kwa darubini ya inchi 8, yaani milimita 203, hiyo ni kama sentimita 30 hadi 40, ukiongeza sentimita kumi hivi za kukalia bomba. Zungusha, funga kwa velkro au hata mpira wa tairi la baiskeli. Kama mkeka si mweusi, bandika kitambaa cheusi kisichong'aa upande wa ndani. Mkeka mmoja unatoa kinga mbili au tatu, basi mgawie mwenzako. Povu ni bora kuliko bati au plastiki ngumu, kwa sababu halipitishi joto kirahisi, na upande wake wa ndani hukawia kupoa. Niliwahi kushonewa kinga ya bati na fundi mzuri sana wa jua kali, kazi safi, lakini kinga ile ilipoa kuliko hewa na kuanza kutoa jasho kwa ndani.

Kwa picha, kinga husaidia hata pasipo umande. Inazuia taa za barabarani na za jirani zisiingie kwa ubavuni, na anga la nyuma ya nyota linakuwa jeusi zaidi. Ila ikilegea na kuinama, itafunika ukingo wa kioo na kupunguza mwanga, na ukiwa na darubini inayojiendesha kwa mota, uzito wa mbele unaweza kuharibu mizani. Upepo nao huishika kama tanga. Kwenye ukingo wa kreta ya Menengai nimewahi kuivua kwa sababu picha ilikuwa inatetemeka. Bahati njema ni kwamba upepo ukiwa hivyo, umande hauji.

Hatari haina. Inamfaa anayeanza, anayetazama saa mbili tatu, anayebeba vitu vyake kwa boda boda, na yeyote aliye mahali pasipo stima. Haimtoshi mtu wa Kakamega karibu na msitu anayetaka kukaa mpaka saa tisa usiku.

Mkanda wa joto

Huu ni ukanda wenye waya au rezista ndani (vipande vidogo vya redio vinavyopata joto umeme ukipita), unaouzungusha kwenye bomba nyuma kidogo ya kioo cha mbele, nao ukatoa joto dogo mfululizo. Neno dogo ndilo muhimu. Hutaki kioo kipate moto. Unataka kibaki nyuzi moja au mbili tu juu ya kiwango cha umande. Mtu akigusa mkanda unaofanya kazi vizuri husema, "Mbona kama hauna moto?" Ndivyo unavyotakiwa uwe.

Katika njia nne hizi ndio pekee unaozuia kabisa, usiku mzima, hata hewa ikiwa imejaa mvuke hadi pomoni. Lakini ukishauweka baada ya kioo kulowa, utangoja sana, labda nusu saa na zaidi. Uwashe mapema, kabla hujaona dalili yoyote.

Umeme ndio mzigo wake, na hapa wengi hukosea hesabu, kwa hiyo nitaifanya yote. Unaweza kujitengenezea mkanda wa inchi 8 kwa rezista za omu 470 za nusu wati, zilizounganishwa sambamba kwenye nyaya mbili, moja kila sentimita tatu. Mzingo wa bomba ni kama sentimita 70, hivyo unahitaji rezista 24 hivi. Kwa volti 12 kila moja inatoa wati 0.31, zote pamoja wati 7.4, na mkondo wa ampea 0.6. Betri ya asidi ya ampea-saa 7 (kipimo cha umeme unaobebwa na betri), zile ndogo za taa za dharura au za pikipiki, haifai kumalizwa zaidi ya nusu ukitaka idumu. Nusu ni ampea-saa 3.5. Gawanya kwa 0.6, unapata karibu saa tano na dakika hamsini. Kwa upande wa Kisumu na Kakamega ningetumia rezista za omu 330, tena za wati moja zisiungue: jumla inakuwa wati 10.5, na betri ileile itakupa saa nne. Ukiwa na betri ya sola nyumbani ya ampea-saa 50 au 100, suala hili halikuhusu. Vuta waya tu.

Kuna pia mikanda ya volti 5 inayochomekwa kwenye pawabanki. Pawabanki ya mAh 20,000 ina nishati ya wati-saa 74 kwenye karatasi, na kama 60 zinazofika kwenye mkanda. Mkanda wa wati 8 utakaa saa saba. Kwa lenzi ya kamera au darubini ndogo, sioni sababu ya kuhangaika na betri ya asidi.

Upatikanaji wake ni wa kati. Mikanda iliyo tayari huagizwa kutoka nje, na usafiri pamoja na ushuru unaweza kuzidi bei ya mkanda wenyewe. Lakini rezista ni bei ya peremende, na fundi wa redio yeyote Nakuru au Kisumu anaweza kukuunganishia mchana mmoja ukimchorea. Mwambie aweke fyuzi karibu na betri. Nasisitiza hili kwa moyo wote: waya ukiguswa na mwenzake kwenye giza, betri ndogo ya pikipiki ina nguvu ya kutosha kuyeyusha waya na kuunguza mkono wa mtoto aliyesimama karibu. Upande wa nje wa mkanda uvalishe kipande cha ule mkeka wa povu ili joto liende kwenye kioo badala ya kupotea hewani.

Kwa picha, joto likizidi, hewa mbele ya kioo huanza kuchemka na sayari hutetemeka kama unaitazama juu ya jiko. Ndiyo maana kuna vidhibiti vinavyowasha na kuzima mkondo haraka haraka ili kupunguza wastani wa joto. Kama huna, mkanda wenye wati chache ndani ya kinga ni bora kuliko mkanda mkali usio na kinga. Na hapa ndipo vitu hivi viwili vinapokuwa ndugu: kinga inahifadhi joto la mkanda, mkanda unakamilisha pale kinga inapochoka. Jambo jingine ni waya. Darubini inayojigeuza yenyewe inaweza kujifunga nao shingoni. Uache ulegee na uufunge mahali pamoja.

Unamfaa mpiga picha, mwenye Schmidt-Cassegrain, mwalimu mwenye foleni ndefu, na yeyote anayeishi kwenye bonde la unyevu. Asiye na subira ya kuchaji betri mchana, usiku utamwangusha.

Feni

Nitaipitia upesi kwa kuwa wanaohitaji feni ni wachache, ingawa wanaoihitaji inawafaa sana. Feni ndogo ya kompyuta nyuma ya kioo kikubwa cha Newton hupuliza hewa na kukifanya kiwe na joto sawa na la hewa inayokizunguka. Kioo kisichopoa chini ya hewa hakilowi, isipokuwa hewa yenyewe iwe imeshashiba maji kabisa, yaani kuna ukungu. Kwa hiyo inazuia, hadi pale ukungu unapoingia.

Inakula wati mbili hivi, na betri ile ya ampea-saa 7 itaiendesha usiku miwili mfululizo. Fundi wa kompyuta ana sanduku zima la feni zilizong'olewa kwenye mashine mbovu. Picha huboreka, kwa sababu kioo kinene kinafikia joto la usiku mapema zaidi, lakini feni iliyofungwa kwa skrubu moja kwa moja hutikisa kioo. Itundike kwa mipira minne ya kufungia pesa. Hatari yake ni vumbi tu, hasa Nakuru wakati wa kiangazi, upepo unapobeba lile vumbi jepesi la volkano. Mwenye Schmidt-Cassegrain au Maksutov haitamsaidia, kwa maana bomba limefungwa mbele na shida iko nje.

Draya ya nywele

Watu wa mikanda huidharau draya. Mimi siidharau, maana iliokoa usiku zaidi ya mmoja kabla sijajua kuunganisha rezista.

Yenyewe haizuii, inaondoa. Unaipuliza dakika moja au mbili, kioo kinarudi safi. Lakini kioo kinaendelea kutazama anga, kinaendelea kupoa, na baada ya dakika 10 au 20 unarudia tena. Ukirudia mara sita kwa usiku, umepoteza muda mrefu, maana kila mara unasubiri pia joto litulie.

Kwa umeme inahitaji tundu la ukutani. Draya ya wati 1,200 kwa dakika moja haitumii stima ya maana, wati-saa 20 tu. Lakini ukitaka kuiendesha kwa betri ya volti 12 kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, mkondo ni ampea 100, na hakuna betri ya pikipiki itakayostahimili. Zipo draya ndogo za kuchomeka kwenye gari, za wati 150 hivi. Hizo huvuta zaidi ya ampea 12, hupuliza vuguvugu tu, na zinaweza kukata fyuzi ya gari ukiwa porini.

Upatikanaji hauna shaka. Dada wa saluni jirani anayo, na labda nyumbani iko tayari. Tumia moto wa chini kabisa, simama sentimita 30 au zaidi, na usiutulize mkono mahali pamoja. Kioo chembamba kikipata moto mkali katikati huku kingo zikiwa baridi, kinaweza kupasuka. Baada ya hapo picha huchemka dakika chache mpaka joto lisambae.

Hatari kubwa iko kwa watu. Usiku wa umande majani yamelowa, viatu vimelowa, mikono imelowa, na wewe umevuta ekstensheni ya volti 240 hadi katikati ya uwanja wenye watoto. Muunganiko wa waya usilale chini. Uweke juu ya kiti, uufunike. Kama huna uhakika na waya wa nyumba yako, usiutoe nje kabisa.

Inamfaa anayetazama kutoka uani au barazani kwa saa moja au mbili, mwenye stima hatua chache kutoka alipo, na ambaye hataki kubeba kitu cha ziada. Inafaa pia kama akiba ya mwenye mkanda, kwa zile nyakati betri inapokufa saa tano usiku. Kwa anayepiga picha za muda mrefu haifai hata kidogo.

Bila kununua kitu

Kuna mambo yasiyogharimu shilingi ambayo yameniokolea saa nyingi. Lenzi za jicho zikae mfukoni mwa koti, si kwenye meza. Pumzi ya watazamaji huzilowesha haraka, na zikiwa na joto la mwili hukauka zenyewe. Unapopumzika kunywa chai, elekeza darubini chini au funika mbele kwa taulo. Darubini ndogo ya kulengea ivishe soksi usipoitumia. Ukisimama chini ya ukingo wa paa au karibu na ukuta, huoni anga lote, lakini kioo nacho hakilioni.

Paa la saruji la ghorofa, kama wengi mlivyo Kisumu mjini na Milimani, huhifadhi joto la mchana, na umande hukawia huko kuliko kwenye nyasi. Gharama yake ni kwamba joto lilelile linafanya nyota zitetemeke hadi saa nne usiku hivi. Na ukipanda vilima vya Riat badala ya kubaki chini karibu na ziwa, unaliacha chini bwawa la hewa baridi na nzito linalojikusanya bondeni usiku mtulivu.

Jambo moja halina mjadala: usipanguse. Si kwa kitambaa, si kwa leso, si kwa ncha ya shati. Kuna vumbi chini ya yale maji, na utalisugua kwenye utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Alama hizo hazitoki.

Ukiwa katika hali hii, fikiria hivi

Uko Nakuru, Lanet au Njoro, una darubini ya lenzi au Dobson, na unatazama zaidi Januari na Februari, kile kikundi cha nyota cha Kilimia kikiwa juu mapema jioni: kinga ya mkeka na lenzi za mfukoni zinakutosha miezi hiyo. Aprili ikifika, au Agosti ya mvua, utaanza kuuona upungufu wake, na hapo uongeze kitu.

Uko Kisumu, Ahero au popote kwenye uwanda wa Kano wenye mashamba ya mpunga, na una Schmidt-Cassegrain: usianze na kinga peke yake ukitarajia usiku mzima. Panga mkanda na kinga pamoja tangu mwanzo. Kama pesa ni ya kimoja tu mwezi huu, anza na kinga na utazame mapema, saa moja hadi saa tatu, huku ukikusanya rezista.

Uko Kakamega au Kericho, kwenye msitu au majani chai: huko ukungu huja pamoja na umande. Mkanda utakilinda kioo, lakini hakuna kifaa kitakachoondoa ukungu ulio kati yako na nyota. Betri kubwa ina maana kama usiku wako unavuka saa sita, vinginevyo pawabanki.

Una Dobson kubwa: feni kwanza, kisha mkanda mdogo wa volti 5 kwenye darubini ya kulengea. Kioo kikubwa kiachie bomba likilinde.

Wewe ni mwalimu na una wanafunzi 60 kwenye foleni: mkanda, na uuwashe kabla ya kengele ya chakula cha jioni. Draya iwe ofisini, imechomekwa ndani, kwa dharura. Mtoto anayekuja kuitazama Zohali huenda hatapata nafasi nyingine mwaka huo.

Unatazama uani nusu saa kabla ya kulala, stima ipo mlangoni: draya inakutosha, na pesa ya mkanda unaweza kuinunulia lenzi nzuri zaidi.

Unapiga picha za Njia Nyeupe kwa kamera: mkanda wa pawabanki kwenye lenzi, hata kabla ya mguu-tatu mzuri. Umande huingia polepole mno, na hutaugundua mpaka nyumbani ukute picha 80 za mwisho zote zimefifia.

Njia yoyote utakayochukua, saa ya kuingia ndani ndiyo inayoharibu darubini nyingi za upande wa ziwa. Usifunike kioo kilicholowa. Iingize darubini ndani ikiwa wazi, ielekeze chini kidogo, iache mpaka asubuhi ikauke kwa hewa ya chumba, ndipo uweke kifuniko na paketi za kufyonza unyevu, zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Kuvu ikishaota kwenye kioo hula ule utando wake mwembamba kidogo kidogo, na inapenda joto na unyevu wa Kisumu kuliko mahali pengi nchini.